Tundu la laptopu limeharibika: Ulitengeneze ama ulizunguke?

Unachomeka chaja, taa haiwaki. Unazungusha waya kidogo, inawaka. Unatoa mkono, inazima tena. Basi unaweka kitabu chini ya waya, unakaa bila kutikisika, kazi inaendelea. Wiki mbili baadaye hata kitabu hakisaidii.

Kama hujawahi kupitia hayo, jirani yako amepitia. Laptopu nyingi tunazotumia hapa Homa Bay ni zile tunazoita ex-UK: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Zimeshafanya kazi ofisini ng'ambo kwa miaka kadhaa, zikachomekwa na kuchomolewa kila siku, kabla hujaziona dukani. Zikifika huku zinapanda boda kutoka Shauri Yako hadi Chuo Kikuu cha Tom Mboya, ama matatu kutoka Ndhiwa na Mbita, zikiwa ndani ya begi moja na viatu, flashi ikiwa bado imechomekwa. Ongeza vumbi, ongeza unyevu wa ziwa, ongeza wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi na kuingia kila mahali penye mwanga.

Na usisahau kwamba mashine yenyewe ndiyo ofisi. Wewe unanukuu sauti za wateja wa mbali, yule anahariri video za harusi, mwingine ana mradi wa chuo wa kuwasilisha Ijumaa. Tundu moja likifa, si chuma tu kimeharibika. Ni kodi ya nyumba.

Ndiyo maana swali la kutengeneza ama kulizunguka tundu bovu linahitaji akili tulivu. Msimamo wangu nautoa mapema: tundu la umeme litengeneze, na ulitengeneze haraka. Tundu la data lizunguke kwanza, mradi halihatarishi bodi. Lakini katikati ya hayo mawili kuna mitego, na ndiyo inayokula pesa za watu.

Hakikisha kwanza ni tundu kweli

Kosa la kwanza ni kumpelekea fundi shida ambayo si ya tundu. Zima mashine, chomoa chaja, chukua tochi ya simu, kisha angalia ndani. Kwenye tundu la USB-C, lile dogo la mviringo, uchafu wa mfukoni na wa begi hujikandamiza hadi plagi inakosa nafasi ya kuingia hadi mwisho. Inaonekana imelegea kumbe imezuiwa. Kijiti cha mbao cha kuchokoa meno, mkono mwepesi, mashine ikiwa imezimwa. Usitumie sindano wala pini, utagusanisha vyuma visivyopaswa kugusana.

Kisha azima chaja nyingine inayofaa mashine hiyo. Waya wa chaja hukatikia ndani, hasa karibu na plagi pale unapokunjwa kila siku, na dalili zake ni zilezile: ukizungusha unashika, ukiacha unaachia. Fundi mwenye mita atapima chaja kwa dakika moja. Za HP na Dell nyingi hutoa volti 19.5, za Lenovo nyingi volti 20. Kama namba hiyo haitoki, ama inarukaruka waya ukiguswa, tundu lako halina hatia.

Kwenye Dell kuna kisa kingine. Ile plagi ya duara ina pini nyembamba katikati. Pini hiyo haileti umeme wa kuendesha mashine, kazi yake ni kuiambia laptopu chaja ni ya wati ngapi. Ikipinda ama ikivunjika, laptopu itawaka vizuri ukiwa umechomeka, lakini itakuambia haiitambui chaja, itakataa kuchaji betri na itaanza kujikokota. HP pia hutumia pini ya katikati kwa kazi kama hiyo. Ukimweleza fundi asiyejua hilo, atakuuzia betri mpya. Utalipa, utarudi nyumbani, na betri mpya nayo itakataa kuchaji.

Wenye ThinkPad nao wana lao. Lenovo ilitangaza kwamba baadhi ya ThinkPad za miaka ya 2017 hadi 2019, ikiwemo T480 ambayo imejaa sokoni kwetu, zinaweza kupoteza uwezo wa tundu la USB-C, pamoja na kuchaji, kwa sababu ya hitilafu katika programu ya ndani inayoendesha tundu lenyewe. Dawa ni sasisho la bure kutoka kwa tovuti ya Lenovo. Liweke leo, wakati tundu bado linafanya kazi. Usisubiri lizime.

Jaribio la mwisho halina gharama: chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha rudisha na ujaribu. Mara nyingine mashine ilikuwa imeganda tu.

Swali moja la kumuuliza fundi

Umehakikisha, ni tundu. Sasa, kabla ya kuuliza bei, uliza hivi: "Fundi, hili tundu limekaa kwa waya, kwa kabodi kadogo, ama limechomewa solda kwa bodi kubwa?"

Hapo ndipo bei yote ilipo.

La kwanza, tundu lililokaa kwenye waya wake mfupi wenye plagi. Laptopu nyingi za zamani zenye chaja ya plagi ya duara ziko hivi. Fundi anafungua skrubu, anachomoa waya wa zamani, anachomeka mpya. Hakuna solda. Hii hata wewe mwenyewe unaweza, ukiwa na bisibisi nzuri na subira, mradi uchomoe betri kwanza. Anayekutoza bei ya kazi ya solda kwa kazi hii anakufanyia biashara.

La pili, tundu lililo kwenye kabodi kadogo kando. Matundu ya USB, la kadi na la spika za masikioni mara nyingi hukaa hapo, yameunganishwa na bodi kubwa kwa utepe. Unabadilisha kabodi kote. Ugumu ni kukapata: sema namba kamili ya modeli, maana T470 na T480 si kitu kimoja hata kama zinafanana kama mapacha.

La tatu, tundu lililochomewa moja kwa moja kwenye bodi kubwa. USB-C nyingi ziko hivi. Hapa ndipo uangalie mkono wa fundi. USB-C ina pini 24 kwenye nafasi ndogo kuliko ukucha wa kidole chako kidogo. Kuitoa kunahitaji mashine ya hewa moto, na kuirudisha kunahitaji darubini ama angalau lenzi nzuri. Fundi akitumia pasi ya solda ile nene ya kutengeneza redio, anaweza kung'oa njia za shaba kwenye bodi, na tundu la pesa kidogo likageuka bodi nzima.

Mafundi wazuri wapo hapa mjini, tena wengi wamejifunzia kwenye simu, ambazo matundu yake ni madogo zaidi. Kwa hivyo usidharau kibanda. Angalia meza: kuna mashine ya hewa moto? Kuna darubini? Anaweza kukuonyesha laptopu aliyobadilisha tundu la aina hiyo? Kama hakuna, Kisumu ni kama kilomita 100 hivi, na kulipa nauli ni afadhali kuliko kununua bodi.

Tundu la umeme halingoji

Kwa nini nasema la umeme litengenezwe haraka? Sababu ni joto.

Chaja ya wati 65 kwa volti 20 hupitisha ampea 3.25. Vyuma vikigusana vizuri, huo ni umeme wa kawaida. Vikigusana kwa ncha tu, umeme uleule unabanwa mahali pembamba, pale panapata moto, plastiki inalainika, tundu linalegea zaidi, na mguso unazidi kuwa mbovu. Tatizo linajilisha lenyewe. Zile cheche ndogo unazosikia ukizungusha waya ndizo zinazokula vyuma. Kile kitabu ulichoweka chini ya waya hakijatatua kitu, kimenunua siku chache tu, na kila siku inaongeza bei ya mwisho.

Halafu kuna stima. Ikipotea katikati ya kazi, laptopu yenye betri nzima haishtuki. Yenye tundu bovu imekuwa ikichaji nusunusu, kwa hivyo inazima papo hapo na faili inaenda nayo.

Je, kuna njia halali ya kulizunguka tundu la umeme? Ipo, kwa baadhi ya mashine.

Kama laptopu ina tundu la duara pamoja na USB-C inayopokea umeme, umeokoka. Nunua chaja ya USB-C ya wati za kutosha na uendelee na maisha. Lakini si kila USB-C inapokea umeme. Zingine ni za data tu. Tafuta modeli yako kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kununua chaja. Na chaja ya kawaida ya simu ya volti 5 haitoshi hata plagi ikiingia sawasawa. Unahitaji yenye mfumo unaoitwa Power Delivery, ambao tangu mwanzo ulifika wati 100 na mwaka 2021 ukaongezwa hadi wati 240.

T480 ina matundu mawili ya USB-C na yote mawili hupokea chaja. Moja likifa, hamia la pili. Ila elewa kwamba umebakiwa na moja, na hilo nalo limechomewa kwenye bodi. Huo ndio wakati wa kutafuta fundi kwa utulivu, si wakati wa kusahau.

Baadhi ya laptopu za ofisi pia hupokea umeme kupitia kituo cha kupachikia, kile kibao kinachokaa chini ama kando. Cha mitumba mara nyingi hupatikana, na kwa mtu anayefanya kazi mezani tu ni suluhisho la kweli. Kwa mwanafunzi anayehama darasa hadi darasa, si suluhisho.

Kuna njia moja usiikubali: fundi kukata plagi ya chaja na kuchomea nyaya zake moja kwa moja kwenye bodi. Nimeona mashine za aina hiyo zikiuzwa kwa bei ya kuvutia. Mtu akikanyaga waya, hakuna plagi ya kuchomoka, kinachong'oka ni bodi. Na nyaya zikigusana, hutazungumza tena na laptopu hiyo.

Matundu mengine: zunguka, lakini kwa akili

Hapa upepo unabadilika. Tundu la USB, la HDMI, la intaneti ya waya ama la spika za masikioni likifa, mara nyingi huna haja ya kufungua mashine.

USB moja imekufa? Una nyingine. Nunua habu ya USB, tundu moja ligeuke manne. Kumbuka tu kiwango: tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Ukichomeka diski ya nje, kipanya, modemu na feni ya mezani kwenye habu moja isiyo na umeme wake, diski itaanza kukatikakatika na utadhani imekufa. Diski ipe tundu lake peke yake.

Kipanya kinaweza kuwa cha Bluetooth. Faili zinaweza kupita kwa waifai ama kwa simu. Sauti ina adapta ndogo ya USB, ama spika za Bluetooth. Intaneti unaipata kwa kuunganisha simu. HDMI ikifa na una wasilisho, Windows ina kitufe cha Windows pamoja na K cha kutafuta skrini isiyo na waya, ikiwa televisheni inakubali. Kama USB-C yako inatoa picha, adapta itakupeleka kwenye HDMI. Na kama vyote vimekataa, weka wasilisho lako mtandaoni na uazime laptopu ya mwenzako kwa dakika kumi. Hakuna mhadhiri atakayekupunguzia alama kwa hilo.

Ila kuna tundu la data ambalo hupaswi kuliacha. Angalia kile kiulimi cha plastiki ndani ya USB. Kama kimevunjika na vyuma vimepinda hadi vinagusana, umeme wa volti 5 unaweza kufupika, na laptopu itaanza kukupa onyo la umeme kupita kiasi kwenye tundu, ama kuzimazima, ama kukataa kuwaka kabisa. Hilo si tundu la kuzunguka. Mwambie fundi alitoe kabisa hata kama hana jingine la kuweka. Tundu lisilokuwepo ni salama kuliko tundu linalogusanisha nyaya.

Na usilazimishe kila kitu kwenye tundu moja lililobaki. Kwa kiwango, tundu lile pana la USB linatakiwa kustahimili angalau mara 1,500 za kuchomeka na kuchomoa. USB-C ni mara 10,000. Elfu moja na mia tano zinasikika nyingi, lakini ukichomeka na kuchomoa mara tatu kwa siku, ni siku 500 tu. Ndiyo faida nyingine ya habu: iache imechomekwa mezani, uichakaze yenyewe badala ya laptopu. Habu ikifa unanunua nyingine.

Piga hesabu kwenye karatasi

Watu wengi wanauliza, "Fundi, ni pesa ngapi?" wanasikia bei, wanashtuka, wanaondoka. Hesabu ina mistari zaidi ya mmoja.

Tuseme kazi yako inakuingizia Sh700 kwa siku. Fundi anataka Sh2,500 na anahitaji siku mbili. Gharama ya kweli ni Sh2,500 pamoja na Sh1,400 ulizokosa, yaani Sh3,900. Habu ya Sh1,200 inakurudisha kazini leo. Kama tundu lililokufa ni la data, habu imeshinda, na huna sababu ya kujiuliza mara mbili.

Sasa tuseme ni tundu la umeme. Ukilizungusha kwa kitabu huku ukipoteza saa mbili kila siku kwa sababu mashine inazima, kwa siku ya saa nane umepoteza robo ya Sh700, yaani Sh175. Ndani ya wiki tatu umeshalipa Sh3,600 na ushee, karibu gharama yote ya ukarabati, na tundu bado ni bovu. Weka namba zako mwenyewe, jibu litatoka.

Mstari wa tatu ni umri wa mashine. Kama ukarabati unakaribia nusu ya bei ya laptopu kama hiyo sokoni, na betri nayo inakata roho, na skrini ina mistari, pesa hiyo ianze safari ya mashine nyingine. Usiitupe ya zamani jalalani, lakini. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki ilihesabu tani milioni 62 duniani mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyokusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Fundi atanunua skrini, kumbukumbu na kibodi yako. Laptopu yako iliyokufa ni akiba ya vipuri kwa mwenzako wa Oyugis.

Mstari wa nne ni tarehe. Kama makataa ni kesho kutwa, usifungue mashine leo. Maliza kazi kwa njia ya kuzunguka, wasilisha, kisha nenda kwa fundi. Kama tundu la umeme ndilo linalokufa, kazi ya kwanza si kutafuta fundi. Ni kuhamisha faili zako wakati betri bado ina pumzi.

Kabla hujaiacha mezani kwa fundi

Hamisha faili. Andika namba ya mashine iliyo chini, ama ipige picha. Usitoe nywila: kubadilisha tundu hakuhitaji kuingia kwenye picha zako, skrini ya kuingilia inatosha kuonyesha mashine inawaka na inachaji. Kubalianeni bei kabla ya skrubu ya kwanza, na mkubaliane pia itakuwaje tundu likishindikana. Omba urudishiwe kipande cha zamani.

Ukiichukua, usiondoke mbio. Chomeka chaja, iache dakika 15, gusa eneo la tundu. Joto kidogo ni sawa, moto wa kuunguza si sawa. Tikisa waya taratibu. Angalia kama asilimia ya betri inapanda. Ni rahisi kulalamika ukiwa bado kibandani kuliko ukiwa umefika Rodi Kopany.

Chaja moja, tundu moja

Mambo yanabadilika, na ni vizuri ujue unaponunua mashine nyingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka USB-C kuwa tundu la kuchajia la lazima kwa simu mpya tangu 28 Desemba 2024, na kwa laptopu mpya kuanzia 28 Aprili 2026. Laptopu za ofisi za Ulaya ndizo zinazokuwa mitumba yetu miaka michache baadaye. Tutapata urahisi: chaja moja ya kuazimana chumba kizima. Lakini tundu hilo mara nyingi ndilo lile la pini 24 lililochomewa kwenye bodi kubwa, na ndilo gumu kubadilisha. Kampuni ya Framework ya Marekani imekuwa ikiuza tangu 2021 laptopu ambazo matundu yake ya nje ni vipande vya kuchomoa na kubadilisha kwa mkono, kwa hivyo si kwamba haiwezekani. Ni kwamba wengi hawajataka.

Kwa hivyo ukienda kununua, fanya mambo matatu hapo hapo dukani. Chomeka chaja na utikise waya. Jaribu kila tundu kwa flashi yako, moja baada ya jingine. Na ukiwa na chaguo, chukua yenye njia mbili za kuchajia. Ikishakuwa yako, chomoa flashi kabla ya kupanda boda, shika plagi na si waya unapochomoa, na laptopu ikiwa kitandani usiilaze upande wenye chaja. Hizo ni sekunde tano za kila siku, na hazina bei ya fundi.